Injini Ndogo za Ufaransa Zilizokataa Kustaafu

Msafiri aondokaye Paris asubuhi kwa treni ya stesheni ya Montparnasse huchukua muda wa saa moja hivi kufika Chartres, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 90 upande wa kusini-magharibi. Kabla mji wenyewe haujaonekana, minara miwili ya kanisa kuu lake huchomoza juu ya mashamba, mmoja mrefu kuliko mwenzake, kana kwamba imeota pamoja na ngano. Uwanda huo huitwa Beauce. Hauna milima wala misitu mikubwa. Ni mashamba ya ngano na shayiri yanayokwenda mpaka upeo wa macho, na tangu zamani Wafaransa wameuita ghala la nafaka la nchi yao.

Wageni wengi hushuka Chartres, wakatazama vioo vya rangi vya kanisa hilo mashuhuri, kisha wakarudi Paris kabla ya jua kuchwa. Lakini yeye aendeleaye mbele kuelekea Voves, mahali ambapo reli ya Châteaudun hukutana na reli ya Chartres na Orléans, hukuta minara ya namna nyingine. Hivyo ni vihenge vya kuhifadhia nafaka, vya saruji na vya mabati, virefu kama majumba ya ghorofa, vimesimama kandokando ya reli. Wakati wa mavuno, mwezi Julai na Agosti, ngano ya vijiji vingi hukusanywa humo, kisha hupelekwa katika viwanda vya unga au katika bandari ya Rouen iliyo kwenye mto Seine, ambayo ni miongoni mwa bandari kubwa kabisa za kusafirishia nafaka katika Ulaya ya Magharibi.

Chini ya vihenge kama hivyo, si katika Beauce peke yake bali katika mikoa mingi ya Ufaransa, mara nyingi husimama injini moja ndogo ya dizeli. Ni fupi, ina magurudumu manne tu, kibanda cha dereva kina madirisha kila upande, na rangi yake imefifia kwa jua na mvua. Asiyejua hudhani kuwa imetupwa hapo ipate kutu. La hasha! Injini hiyo iliwahi kuwa mtumishi wa taifa. Ikastaafishwa, ikauzwa, na sasa imeajiriwa upya. Historia yake inastahili kusimuliwa, kwa kuwa ndani yake limo swali linalohusu kila nchi yenye reli: je, reli ni kwa ajili ya miji mikubwa peke yake, au na mkulima wa kijijini naye ana fungu lake?

KAZI ILIYOKUWA YA FARASI

Katika shughuli za reli, kazi ionekanayo na watu ni ile ya kuvuta treni kutoka mji hata mji. Ipo kazi nyingine isiyosifiwa, nayo ni kupanga mabehewa. Behewa la mbolea lazima litolewe katika treni, lisukumwe mpaka kwenye ghala; behewa tupu liondolewe; behewa lililopakiwa liunganishwe na wenzake kwa kufuata mpangilio wa safari. Pasipo kazi hiyo, treni ndefu haina faida yoyote kwa mtu mwenye behewa moja.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na injini za mvuke, na katika stesheni ndogo ilifanywa na farasi. Hata baada ya makampuni makubwa ya reli ya Ufaransa kuunganishwa na kuwa Shirika la Reli la Taifa, SNCF, tarehe 1 Januari 1938, farasi waliendelea kuonekana stesheni wakivuta mabehewa kwa minyororo. Farasi mzuri huweza kuling'oa behewa moja likiwa mahali tambarare, lakini huchoka, huugua, hula hata siku asizofanya kazi, na behewa likianza kuserereka hana namna ya kulizuia. Injini ya mvuke nayo ina udhia wake: yapasa iwashwe moto saa kadhaa kabla ya kazi, nayo huendelea kula makaa hata ikiwa imesimama.

Wahandisi wa Ufaransa walitafuta kitu cha katikati: chenye nguvu kupita farasi, lakini rahisi kuliko injini kamili. Wakakiita lokotrakta, yaani trekta la relini. Jina hilo halikuwa mapambo tu. Kwa kuwa chombo hicho hakikuhesabiwa kuwa injini kamili, kiliweza kuendeshwa na wafanyakazi wa stesheni waliofundishwa kazi hiyo, bila kumhitaji dereva wa treni za safari ndefu. Mfanyakazi yule yule aliyepokea mizigo na kugeuza pointi aliweza kupanda kibandani, akawasha dizeli, akapanga mabehewa, kisha akazima na kurudi kwenye kazi zake nyingine. Kwa stesheni ya kijiji, huo ulikuwa unafuu mkubwa wa gharama.

NDUGU WA UKOO WA HERUFI Y

Lokotrakta zote za SNCF zilipewa herufi Y mbele ya namba zao. Zilikuwapo aina nyingi, na nyingine zilikuwa ndogo kiasi cha kushangaza, lakini ukoo uliojulikana zaidi ni ule wa mashine za kati. Kati ya mwaka 1958 na 1962 zilijengwa mashine 210 za aina ya Y 7100, katika viwanda vya Billard mjini Tours na vya Decauville mjini Corbeil. Zikafuatiwa na aina ya Y 7400 kati ya 1963 na 1972. Hizo zilikuwa 488, na ujenzi wake uligawanywa baina ya Decauville, kampuni ya Moyse ya La Courneuve karibu na Paris, na De Dietrich, kiwanda cha kale cha Alsace. Baadaye zikaja Y 8000 zipatazo 375, tangu 1977 hata 1990, na mwishoni Y 8400 zipatazo 150, ambazo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1995. Kwa jumla aina hizo nne zilifikia zaidi ya mashine 1,200 katika muda wa miaka 37.

Tukitazama Y 7400, tutaona jinsi ilivyo nyepesi kueleweka. Uzito wake ni tani 32. Ina ekseli mbili, na zote mbili huzungushwa na mtambo, hivyo hakuna hata kilo moja ya uzito wake isiyosaidia kukamata reli. Mtambo wa dizeli ni Poyaud, uliotengenezwa Surgères, mji mdogo wa magharibi mwa Ufaransa, nao una nguvu za farasi 175. Katika Y 7100 nguvu hiyo hupitishwa kwa msukumo wa mafuta maalumu, lakini katika Y 7400 hupitishwa kwa gia, kama katika lori. Mwendo wake wa juu ni kilomita 60 kwa saa, unaotosha kuiwezesha kwenda stesheni ya jirani na kurudi. Y 8000 ni nzito zaidi kidogo, tani 36, nayo ina nguvu kubwa zaidi. Y 8400 zikaongezewa jambo jipya: ziliweza kuongozwa kwa redio, dereva akiwa amesimama chini kando ya mabehewa yake.

Pengine msomaji atauliza: nguvu za farasi 175 zitafanya nini mbele ya mabehewa ya chuma? Lori kubwa la leo lina nguvu zaidi ya mara mbili ya hizo. Jibu liko katika gurudumu la chuma likanyagapo reli ya chuma. Mpira wa lori hubonyea kila unapozunguka, na kubonyea huko hula nguvu. Gurudumu la chuma halibonyei kwa kiasi cha kuonekana. Behewa likishaanza kuzunguka mahali tambarare, huhitaji nguvu kidogo sana kuendelea. Ndiyo maana mashine ya tani 32, kwa mwendo wa mtu atembeaye, huweza kusukuma mamia ya tani. Haina mbio wala haiwezi kupanda mlima mkali na mzigo mkubwa, lakini hayo sio iliyoumbiwa.

SIKU YA KUPAKIA NGANO

Kazi ya lokotrakta chini ya kihenge huanza pale injini kubwa ya safari ndefu inapomaliza kazi yake. Injini kubwa huleta mabehewa matupu, ikayaacha kwenye reli ya kando, ikaenda zake. Kuikodi ikae siku nzima ikingoja ngano ni hasara ambayo hakuna mwenye ghala angeikubali. Hapo ndipo mashine ndogo huamshwa. Huyashika mabehewa na kuyaleta polepole chini ya bomba la kihenge. Nafaka humiminika kwa kishindo na vumbi, behewa likajaa, kisha mashine huvuta mbele kiasi cha urefu wa behewa moja, ikasimama tena. Huvuta na kusimama, huvuta na kusimama, mpaka behewa la mwisho.

Kazi hiyo hutaka utulivu kuliko nguvu. Ikivuta kwa ghafla, mabehewa hugongana na nafaka humwagika. Ikipita bomba kwa hatua mbili, kazi husimama mpaka irudi nyuma. Dereva mzoefu hujua kwa sikio tu kiasi cha mzigo alionao nyuma yake. Mwenzake hutembea chini kando ya reli, akimwonyesha ishara kwa mkono au akizungumza naye kwa redio, maana dereva hawezi kuona mwisho wa mabehewa.

Huyo wa chini ndiye mwenye kazi ya hatari. Katika Ulaya mabehewa mengi bado huunganishwa kwa kulabu na skrubu. Mtu huinama na kuingia kati ya mabehewa mawili, chini ya bafa, ambazo ni vile vyuma vya mviringo vinavyopokea mgongano. Huinua pingu nzito ya chuma, akaitia katika kulabu ya behewa la pili, kisha akakaza skrubu. Iwapo mabehewa yatajongea akiwa hapo katikati, hana pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo sheria ya kwanza anayofundishwa kila mgeni wa kazi hiyo ni kwamba asiingie kabla dereva hajasimamisha mashine na kumhakikishia kuwa imesimama. Kuongozwa kwa redio kulipunguza hatari moja, ile ya dereva na mwenzake kutoelewana, kwa kuwa anayeamuru mashine ni yule yule aonaye kinachotokea chini.

KWA NINI ZILIUZWA

Wakati Y 7400 za kwanza zilipotoka kiwandani, stesheni ya kijiji cha Ufaransa ilikuwa mahali penye shughuli nyingi. Makaa ya kupashia nyumba joto, mbolea, magogo, saruji, viazisukari, divai na mifugo, vyote vilisafiri kwa behewa moja moja. Jioni treni ya mizigo ilipita ikiyakusanya, ikayapeleka katika uwanja mkubwa wa kupangia, na usiku yakagawanywa kwa kila upande wa nchi.

Utaratibu huo ulivunjika taratibu. Barabara kuu zilijengwa, malori yakaongezeka, nayo yalikuja mpaka mlangoni kwa mteja. Makaa ya mawe yalipungua mwaka hata mwaka, mpaka mgodi wa mwisho wa Ufaransa ulipofungwa mwezi Aprili 2004. Fikira na fedha za taifa zilielekezwa zaidi katika treni za abiria ziendazo kasi, ambazo zilianza kazi kati ya Paris na Lyon mwaka 1981. Stesheni ndogo zilifungwa kwa mizigo moja baada ya nyingine, na lokotrakta zilizozihudumia zikabaki hazina kazi. Tangu mwaka 2006 makampuni mengine yaliruhusiwa kushindana na SNCF katika kusafirisha mizigo ndani ya nchi. Hata hivyo ushindani haukurudisha behewa la kijijini. Leo reli hubeba takribani sehemu moja tu katika kumi ya mizigo ya Ufaransa, na sehemu iliyobaki kwa wingi iko juu ya barabara.

Baadhi ya mashine hizo zilikatwakatwa na kuwa chuma chakavu. Baadhi zilijengwa upya, zikatiwa mtambo mpya na kibanda kipya, zikarudi kwa SNCF zikiwa na namba za Y 9000. Lakini nyingi zilinunuliwa na watu wenye shida maalumu. Vyama vya ushirika vya wakulima vilikuwa na vihenge kando ya reli, na mfanyakazi wa stesheni aliyekuwa akiwapangia mabehewa hayupo tena. Viwanda vya saruji, machimbo ya kokoto, wauza vyuma chakavu, bandari za mito, na wakandarasi wa kutengeneza njia za reli, wote walikuwa katika hali hiyo hiyo. Iliwapasa wachague: ama wanunue mashine yao wenyewe, ama waachane na reli.

Mashine iliyonunuliwa hivyo huishi maisha ya mipaka. Ikiwa haina tena idhini ya kupita katika njia kuu, haivuki lango la reli ya kando ya mwenyewe. Ile ambayo zamani iliweza kwenda stesheni ya jirani kwa kilomita 60 kwa saa, sasa dunia yake ni mita mia chache kati ya lango na kihenge. Yawezekana ifanye kazi siku mbili katika juma, na wakati wa mavuno ifanye kazi kutwa.

SIRI YA UMRI MREFU

Billard, Decauville na Moyse hawajengi tena lokotrakta. Kiwanda cha De Dietrich cha Reichshoffen bado kinajenga treni, lakini za abiria, na tangu mwaka 2022 kimekuwa mikononi mwa kampuni ya CAF ya Hispania. Itakuwaje basi mashine zao zenye umri wa miaka 50 na 60 ziendelee kunguruma?

Sababu ya kwanza ni wingi wao. Zikiwapo mashine 488 za aina moja, vipuri huwa vingi, na mashine iliyokufa huwalisha wenzake kwa miaka mingi. Mnunuzi mwenye busara hununua mbili: moja ya kufanyia kazi na ya pili ya kung'olea vipuri. Sababu ya pili ni wepesi wao. Mtambo wa dizeli, klachi, gia, mabomba ya hewa ya breki: hivyo vyote fundi aliyezoea malori na matrekta huvielewa. Kwa chama cha wakulima hilo ni jambo kubwa, maana fundi wa matrekta tayari wanaye. Mashine za kisasa zenye kompyuta huhitaji mtaalamu aitwe kutoka mbali, na wakati wa mavuno kila siku ya kungoja ni hasara. Sababu ya tatu ni kwamba kazi yenyewe haizichoshi. Chombo kiendacho polepole na kupumzika mara kwa mara huchakaa polepole.

Hata hivyo ingekuwa si haki kuzisifu pasipo kutaja dosari zao. Mitambo hiyo ilibuniwa kabla ya sheria za leo kuhusu moshi, na kibanda chake kina kelele na mtikisiko unaoumiza mgongo wa dereva. Baridi ya Januari huwa kali humo ndani. Siku hizi zipo mashine za betri, na yapo matrekta yenye matairi ya barabarani na magurudumu ya relini kwa pamoja, ambayo hufanya kazi hiyo kwa utulivu zaidi. Mwenye fedha huzinunua. Asiye nazo humwaga mafuta mapya katika mtambo wake wa Poyaud, akaendelea.

KUTOKA KWA ASKARI MPAKA KWA VIAZISUKARI

Desturi hii ya mashine ya reli kupewa maisha ya pili si ngeni katika nchi hiyo, na mahali pazuri pa kuiona si Beauce bali kaskazini, katika bonde la mto Somme. Huko, karibu na mji mdogo wa Bray-sur-Somme, iko stesheni ya Froissy. Njia yake ya reli ina upana wa sentimita 60 tu, karibu na hatua moja ya mtu mzima.

Reli za namna hiyo zilienezwa na Paul Decauville, mwana wa mkulima mkubwa wa sehemu za Corbeil. Mwaka 1875 alitafuta njia ya kutoa mavuno ya viazisukari katika mashamba yaliyojaa tope, akaunda vipande vya reli vyepesi ambavyo vibarua waliweza kuvibeba, kuvilaza chini na kuvihamisha. Uvumbuzi huo ulikwenda mbali. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1889, treni zake ndogo zilibeba watu zaidi ya milioni 6. Msomaji aliyepata kupita katika mashamba ya mkonge ya Tanga au Morogoro, akaona vitoroli vya majani vikivutwa juu ya vijireli vyembamba kuelekea kiwandani, ameona wazo lile lile likifanya kazi katika udongo wetu.

Jeshi la Ufaransa nalo lililichukua wazo hilo. Njia ya Froissy ililazwa mwaka 1916, wakati wa mapigano makali ya Somme, ili kupeleka risasi, mizinga na chakula kwa askari waliokuwa katika mahandaki. Vita vilipokwisha, reli hiyo ilisaidia kujenga upya vijiji vilivyokuwa vumbi tupu. Kisha ikawa mali ya kiwanda cha sukari cha Dompierre, ikiteremsha mizigo hadi kwenye mfereji na kupandisha makaa. Katika miaka ya 1940 injini ndogo za dizeli zilichukua mahali pa zile za mvuke, zikafanya kazi hiyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, malori yalipozishinda. Wapenzi wa reli walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, na tangu mwaka 1971 wanawatembeza wageni katika njia hiyo ya kilomita 7 hivi, yenye handaki na mahali ambapo treni hulazimika kwenda mbele na kurudi nyuma ili kupanda mlima. Katika jumba la makumbusho la hapo, dizeli ndogo za mashambani na za viwandani zimepangwa bega kwa bega na injini za vita.

Tofauti ya Froissy na Beauce ni kubwa, nayo yapasa kuangaliwa. Froissy, mashine zimeokolewa lakini kazi yenyewe imekwisha. Hubeba watoto wa shule na familia siku za mapumziko. Chini ya vihenge vya Beauce mashine hazina jumba wala wageni, lakini behewa walisukumalo lina ngano itakayoliwa.

HESABU ISIYOKWEPEKA

Swali la leo ni muda gani hali hiyo itaendelea. Lokotrakta hufanya kazi mwisho wa njia, na njia yenyewe ikifa, mashine nayo haina maana. Njia nyingi za vijijini zilizobaki kwa mizigo tu zimezeeka. Wafaransa huzifananisha na mishipa midogo kabisa ya damu mwilini. Mataruma yake yameoza; mwendo hupunguzwa ili kuepusha ajali, kisha hupunguzwa tena, mpaka siku moja tangazo hubandikwa kwamba njia imefungwa. Kuitengeneza hugharimu fedha nyingi kwa treni chache, na mara nyingi gharama imepasa kugawanywa baina ya serikali, mkoa na wale wanaoitumia, pamoja na vyama vya wakulima wenyewe. Kila upande humtazama mwenzake atangulie kutoa mfuko.

Upo ukweli katika maneno ya wale wasemao kwamba treni mbili au tatu kwa juma hazilipi gharama ya reli mpya. Lakini ipo na hesabu nyingine. Treni ya mabehewa 20, kila moja likiwa na tani 60 za ngano, hubeba tani 1,200. Lori lenye uzito wa jumla wa tani 44, ambao ndio kikomo cha kawaida nchini humo, hubeba ngano isiyozidi tani 30. Kwa hiyo treni moja ikikosekana, malori 40 huingia barabarani, yakapita katikati ya vijiji, mbele ya shule na makanisa, yakaharibu lami ambayo nayo hutengenezwa kwa kodi ya wananchi. Gharama haikuondoka, imehamishwa kutoka daftari la reli hadi daftari la barabara.

Zaidi ya hayo, SNCF yenyewe imebadilika. Baada ya Tume ya Ulaya kuanza kuchunguza ruzuku ambazo tawi lake la mizigo lilipewa na serikali, tawi hilo lilivunjwa, na tangu tarehe 1 Januari 2025 kazi zake zinafanywa na makampuni mawili mapya, Hexafret na Technis, hilo la pili likishughulika na matengenezo ya injini. Mwenye kihenge, ambaye zamani alizungumza na mkuu wa stesheni wa kijijini kwake, sasa huandikiana mikataba na ofisi za mbali. Kitu pekee cha reli alicho na amri nacho ni ile mashine yake ya tani 32.

Na hapo ndipo thamani yake ilipo. Chama cha wakulima chenye lokotrakta kinaweza kumwambia msafirishaji yeyote wa treni: leta mabehewa matupu, uje uyachukue yakiwa yamejaa; mengine tutafanya wenyewe. Chama kisicho nayo hakina neno la kusema, na siku njia inapojadiliwa hakihesabiwi kuwa mteja. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Katika uwanda wa Beauce kibaba hicho ni behewa la tani 60, nacho hujazwa kimoja kimoja, mradi mashine ipo ya kukisogeza mbele hatua moja, na mradi reli iliyo nje ya lango bado haijang'olewa.